Mashuti kibao Somanda, mabao yako wapi?

SAA kumi na moja jioni, jua la Bariadi likianza kupunguza makali, vijana wa Somanda wanafanya kile kinachofanywa na timu za mitaani nchi nzima. Wanazunguka uwanja mara tano, wananyoosha viungo, kisha kinafika kipande ambacho kila mmoja alikuwa anakisubiri: mashuti. Wachezaji ishirini wanapanga mstari nje ya boksi. Kocha anasimama mbele yao, anapokea pasi, anairudisha taratibu, mchezaji anaachia kombora. Likizama wavuni, kelele. Likipaa, kicheko, na mtu anakimbia kuufuata mpira kule ulikoishia.

Kwa macho ni mazoezi matamu. Kuna jasho, kuna vumbi, kuna watoto wamekaa pembeni wanashangilia. Shida inaanza ukichukua kalamu.

Timu ya mtaani ina mipira miwili, na mara nyingi mmoja wake unavuja upepo. Kutoka shuti moja hadi jingine zinapita sekunde kama 25, ukihesabu na muda wa kuufuata mpira uliopaa. Nusu saa nzima inatoa mashuti 72. Gawanya kwa wachezaji 20: kila mmoja kapiga mashuti yasiyofika manne. Dakika nyingine zote amesimama kwenye foleni akipiga stori za Simba na Yanga.

Na hayo manne yenyewe ni mashuti ya aina gani? Yote yametoka sehemu ileile, kwa mguu uleule anaoupenda, mpira umekuja umetulia, hakuna beki mgongoni, hakuna anayehesabu. Kipa naye keshachoka, mengine anayaangalia tu yakipita. Halafu Jumapili, kwenye mechi yenyewe, straika anapata nafasi moja dakika ya 78, mpira unadunda kwenye kichuguu, beki anamvuta jezi, upande ni wa mguu wa kushoto. Anapaisha. Mashabiki wanashika vichwa na kesho yake mtaani inaanza kesi ya kamati ya ufundi, nani kazembea, mbuzi gani hakuchinjwa.

Kabla ya kufika kwa mbuzi, pangeangaliwa kwanza ile foleni.

KIU YA SIMIYU

Hili si suala la timu moja kupoteza kombe la diwani. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga, na makao yake makuu ni hapo hapo Bariadi. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 ulipofungwa, hakuna timu ya Simiyu iliyocheza Ligi Kuu Tanzania Bara.

Ukiwatazama majirani inauma zaidi. Shinyanga wamekuwa na Stand United na Mwadui. Mwanza wamepitisha Toto African, Mbao, Alliance, Gwambina ya Misungwi, na Pamba imerudi ikiwa Pamba Jiji. Mara waliwapeleka Biashara United. Hata Singida, wanaopakana na mkoa huu kwa upande wa kusini, wameshaonja utamu huo. Simiyu wanasafiri hadi CCM Kirumba kuziona Simba na Yanga kwa macho, au wanabanana kwenye vibanda umiza.

Sababu zinazotajwa kila mara zinafahamika: fedha, viwanja, wadhamini, vipaji kukimbilia Mwanza. Zote zina ukweli. Mkoa unaishi kwa pamba, na msimu wa pamba unapofunguliwa, kijana mwenye miguu ya dhahabu ana shamba la baba linalomsubiri kabla ya kocha. Lakini mji huu ulibeba maonyesho ya Nane Nane kitaifa pale Nyakabindi miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Watu wa Bariadi wanajua kuandaa kitu kikubwa wakiamua.

Njia ya kupanda inajulikana. Unaanza ligi ya wilaya, unaenda ya mkoa, ukiwa bingwa unaingia Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, hapo unakutana na wenzako wenye njaa kama yako. Ukipenya ni First League, kisha Championship, ndipo Ligi Kuu. Katika ngazi hizo za chini timu zinalingana mno. Mechi nyingi zinaamuliwa na bao moja, faulo moja karibu na boksi, au matuta. Hakuna anayeshinda kwa sababu ana kikosi cha mabilioni. Anayeshinda ni yule ambaye nafasi yake moja ya dakika ya 78 inaingia. Maana yake ile nusu saa ya mashuti, inayoonekana kama burudani ya kufungia mazoezi, ndiyo inayobeba msimu mzima.

WENZETU WA GOFU WALISHAUGUA HUU UGONJWA

Kuna mchezo mmoja ambao umeusumbukia ugonjwa huu kuliko mwingine wowote, na ni mchezo ambao shabiki wa Bariadi ana haki ya kushangaa ukitajwa kwenye habari yake: gofu. Pale Lugalo au Gymkhana jijini Dar es Salaam, Arusha na Morogoro, mchezaji wa gofu kabla ya kuingia uwanjani huenda kwenye eneo la mazoezi ya kupiga. Ni sehemu ya wazi, wote wanasimama mstari mmoja, kila mtu na ndoo yake ya mipira, hamsini au mia. Anachukua fimbo kubwa kuliko zote na kuanza kutwanga. Paa! Unaenda. Paa! Mwingine. Baada ya kumi mwili unashika mdundo, mipira inaanza kunyooka, mtu anajiona Tiger Woods.

Kesho yake anaingia kwenye mashindano na kila kitu kinaharibika.

Sababu si ngumu kuiona. Pale kwenye ndoo anapiga mpira mmoja mara hamsini. Uwanjani anapiga mipira hamsini tofauti, kila mmoja mara moja tu. Huu uko kwenye nyasi ndefu, ule uko kwenye mchanga, unaofuata una mti mbele, na kati ya mpigo mmoja na mwingine anatembea dakika kadhaa akijiuliza na kujijibu. Hakuna wa kumpa mpira wa pili akisema "huo ulikuwa wa majaribio". Tena ile fimbo kubwa anayoipenda, kwenye uwanja wa kawaida wenye mashimo 18 na mipigo 72, ataitumia kama mara 14 hivi. Kazi iliyobaki ni ya mipira mifupi na ya kusukumia shimoni. Yaani anatumia muda wake mwingi kuzoea kitu anachokihitaji kidogo.

Shabiki wa soka atacheka, halafu akumbuke ile foleni ya mashuti ya mita 25. Mabao mengi ya soka hufungwa ndani ya boksi, kwa mguso mmoja au miwili, kwa kichwa, kwa goti, kwa mpira uliorudi kutoka kwa kipa. Lakini mazoezini wote wanataka kuwa Roberto Carlos.

Makocha wa gofu walitafuta dawa, na mmoja wa waliowasaidia hakutoka kwenye gofu. Dave Alred, Mwingereza, alijulikana kwa kumfundisha Jonny Wilkinson kupiga mipira ya raga. Wilkinson ni mtu wa mguu wa kushoto. Novemba 22, 2003, fainali ya Kombe la Dunia la raga mjini Sydney, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, mpira ukamkuta upande wa kulia. Akapiga kwa kulia, ukapita katikati ya milingoti, England ikawafunga wenyeji Australia 20-17 na kubeba kombe. Ule mguu wa kulia haukuwa wa bahati, ulikuwa umeandaliwa miaka mingi kwa ajili ya siku ambayo wa kushoto hautapata nafasi.

Baadaye Alred akahamia kwa mcheza gofu, Luke Donald. Huyu hakuwa na nguvu nyingi, wenzake walimpita mbali kwa umbali wa kupiga. Mwaka 2011 akawa namba moja duniani. Falsafa waliyofanyia kazi haikuwa ya kumwaga ndoo mia. Zoezi linakuwa mchezo wenye alama, shabaha ni ndogo, kila jaribio linahesabiwa, na ukikosa unalipa. Mazoezi yanatakiwa yaume kama mashindano, ili mashindano yakija yaonekane ni jioni nyingine tu.

Na kwa wale wanaosema haya ni mambo ya matajiri, kuna Seve Ballesteros. Mhispania huyu alikulia kijijini Pedreña, kwao hawakuwa na hela ya seti ya fimbo, akajifunza gofu kwa fimbo moja ya chuma, akipiga mipira kwenye mchanga wa ufukweni. Fimbo moja ilimlazimisha abuni: mpira wa juu, wa chini, wa kupinda, mfupi, mrefu, wote kwa kifaa kilekile. Alibeba British Open mara tatu na Masters mara mbili. Timu yenye mipira miwili inaweza kumtazama huyo badala ya kuisubiri halmashauri inunue mipira kumi.

ELFU MOJA ZA HISPANIA

Turudi kwenye mpira wa miguu, maana mfano mkubwa kuliko yote ulitokea mbele ya macho ya Afrika nzima.

Kabla ya Kombe la Dunia 2022 Qatar, kocha wa Hispania, Luis Enrique, alisema aliwaagiza wachezaji wake zaidi ya mwaka mmoja kabla wawe wamepiga angalau penalti elfu moja wakiwa na klabu zao. Alikataa kabisa maneno kwamba matuta ni bahati nasibu. Desemba 6 wakakutana na Morocco, hatua ya 16 bora. Dakika 120, hakuna bao. Yakaja matuta. Pablo Sarabia, aliyeingizwa dakika za mwisho, akagonga mwamba. Carlos Soler, Bono kadaka. Sergio Busquets, Bono kadaka tena. Achraf Hakimi akamalizia kwa kuudokoa mpira taratibu katikati ya goli, Morocco wakapita 3-0. Penalti elfu kwa kila mtu, na siku ya siku haikuingia hata moja.

Kuna watakaosema basi mazoezi hayana maana, matuta ni kudra. Ni rahisi kufika hapo, lakini kosa liko kwenye aina ya elfu hiyo. Penalti ya kumi mfululizo, mazoezi yameisha, mnataniana na kipa wa akiba, ni ile ndoo ya gofu. Mguu unajifunza njia, lakini kichwa hakijifunzi chochote kuhusu kutoka mstari wa katikati, kutembea mita karibu 40 peke yako huku watu elfu arobaini wakizomea, miguu ina dakika 120 ndani yake, na ukijua hakuna ya pili.

England walijifunza hilo kwa machungu. Mwaka 1998 walitolewa na Argentina kwa matuta na aliyekosa ya mwisho, David Batty, hakuwahi kupiga penalti katika maisha yake ya soka la kulipwa. Miaka 20 baadaye, chini ya Gareth Southgate, ambaye mwenyewe alikosa mwaka 1996, walijipanga mapema: nani apige, apumue vipi, asikimbilie mpira mara filimbi inapolia. Hata kipa Jordan Pickford alikuwa na kazi ya kumkabidhi mpira mwenzake mkononi ili asibaki mpweke. Julai 3, 2018 wakawatoa Colombia, ushindi wao wa kwanza wa matuta kwenye Kombe la Dunia.

Hapa kwetu jeraha bado bichi. Aprili 2022 Simba walitolewa na Orlando Pirates kwa matuta 4-3 kwenye robo fainali ya Shirikisho. Aprili 2023 wakatolewa na Wydad kule Casablanca, tena 4-3, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Aprili 2024 ikawa zamu ya Yanga, Mamelodi Sundowns wakawatoa Pretoria kwa 3-2 baada ya mechi mbili bila bao. Miaka mitatu, mwezi uleule, hatua ileile. Ilipofika Aprili 2025, Simba walirudisha mabao mawili ya Al Masry kwa Mkapa na kushinda matuta 4-1. Nchi nzima ikapumua. Wazee wakakumbuka 2003, Juma Kaseja golini, Zamalek wakivuliwa ubingwa wao Cairo kwa njia hiyohiyo.

Kama klabu zenye makocha wa viungo, wachambuzi wa video na kambi za wiki mbili zinayumba hapo, timu ya kata isiyowahi kufanya mazoezi ya matuta ikiwa imechoka inategemea nini?

ZOEZI LINALOKUDANGANYA

Wanasayansi wa michezo wamelifuatilia jambo hili muda mrefu. Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth walichapisha jaribio la watoto wa miaka minane waliotupa vifuko vidogo kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa umbali mmoja tu, futi tatu. La pili halikugusa futi tatu kabisa, lilichanganya mbili na nne. Walipopimwa kwa futi tatu, waliochanganya wakawashinda waliokuwa wakiirudia hiyohiyo. Mwaka uliofuata John Shea na Robyn Morgan wakaonyesha kitu kinachomhusu zaidi kocha: waliorudia zoezi moja moja kwa mfululizo walionekana wazuri wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa baadaye, waliochanganya walikuwa wameshika zaidi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Foleni ya mashuti inakupa raha jioni ileile. Shuti la nne ni zuri kuliko la kwanza, kocha anaondoka amefurahi, mchezaji anaondoka amefurahi. Zoezi lililochanganywa linaonekana baya: mipira inapaa, watu wanagombana, hakuna mdundo. Kocha mwoga atalifuta siku ya pili. Na kocha wa mtaani ana sababu ya kuogopa, kwa sababu mazoezi yake yana watazamaji. Wazee wa timu wamekaa pale chini ya mti, na wao wanapenda makombora.

Sio kila jaribio lililofuata lilileta tofauti kubwa kiasi hicho, na kuna pahala kurudiarudia ni lazima. Mtoto wa miaka tisa ambaye bado anapiga mpira kwa ncha ya kidole anahitaji kwanza kufundishwa mguu wa kusimamia unakaa wapi, na hilo analipata kwa kurudia akiwa ametulia. Mcheza gofu naye akibadilisha namna ya kushika fimbo anahitaji ndoo yake. Tatizo ni timu ya wakubwa, wenye miaka 22, kubaki kwenye zoezi la mtoto msimu mzima.

MIPIRA MIWILI INATOSHA

Sasa ifikiriwe jioni ileile ya Somanda, vijana walewale ishirini, mipira ileile miwili, nusu saa ileile.

Foleni inavunjwa kwanza. Wachezaji wanagawanywa makundi manne ya watano. Makundi mawili yanacheza kila moja na mpira wake, watatu wanashambulia, wawili wanakaba, kwenye eneo la boksi lililopunguzwa kwa vijiti. Ya tatu na ya nne yanaokota mipira nyuma ya magoli na kuhesabu mabao kwa sauti. Kila dakika nne wanabadilishana. Goli la pili si lazima liwe na nyavu, miti miwili inatosha. Ghafla kila shuti lina beki, kila shuti linatoka pembe tofauti, na aliyetaka kusubiri ameukosa mpira. Idadi ya kugusa inapanda bila kununua chochote.

Shabaha inafuata. Kupiga "golini" ni sawa na yule wa gofu anayepiga "mbele". Kamba ya kufungia ng'ombe haikosekani Bariadi. Ikifungwa kutoka mwamba wa juu hadi chini, pande zote mbili, mita moja ndani ya kila nguzo, inagawa goli sehemu tatu. Bao la katikati ni alama moja, la pembeni ni tatu. Kiroba cha mbolea kikining'inizwa kwenye pembe ya juu ni alama tano, ingawa hicho kitaleta tamaa na mipira itapaa, kwa hiyo kocha mwenye akili anakining'iniza Ijumaa tu, kama zawadi.

Mguu wa pili nao upate siku yake. Jumanne, kwa mfano, bao la mguu unaoupenda halihesabiwi. Wiki ya kwanza itakuwa vichekesho, mpira utaenda kwa mbuzi zaidi ya golini. Wilkinson hakuanza na fainali ya Sydney.

Halafu kuna matuta, na hapa ndipo gofu inafundisha zaidi ya yote, kwa ile kanuni yake ya mpira mmoja. Hakuna kupiga kumi mfululizo. Kila mchezaji anapiga penalti moja kwa jioni, basi. Inapigwa mwisho kabisa, baada ya mbio, miguu ikiwa mizito. Wote wanakaa mstari wa katikati wameshikana mabega. Anaitwa mmoja, anatembea peke yake, na waliobaki wana ruhusa ya kuzomea kadiri wanavyoweza. Hata wale watoto wa pembeni waruhusiwe, tena watafanya kazi hiyo bure na kwa ustadi. Akikosa, timu nzima inakimbia mzunguko mmoja kwa ajili yake. Hakuna marudio. Atalala na hiyo penalti hadi kesho.

Wapo watakaosema adhabu ya wote kwa kosa la mmoja inaleta chuki. Kidogo, ndiyo. Lakini Jumapili akikosa, wote wanatolewa pamoja, na hapo hakuna anayeuliza kama ni haki.

Kipande cha mwisho ndicho cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho timu nyingi hazina: daftari. La shule, la kurasa 48. Jina, tarehe, mguu gani, upande gani, imeingia au imekoswa. Mchezaji majeruhi anayekuja kuangalia mazoezi apewe kalamu, naye apate kazi. Kwa mazoezi manne kwa wiki, miezi miwili inampa kila mchezaji mistari 32. Hapo kocha ataanza kuona mambo ambayo macho yalimficha. Yule fundi wa mtaa anayepiga makombora na kushangiliwa na watoto, huenda ameingiza 17. Yule beki wa kulia mkimya, ambaye hakuna aliyemfikiria, ameingiza 27 na zote chini kushoto. Kipa naye ana ukurasa wake: anaruka upande gani mno, anadanganywa na nani.

KOCHA ANAYEPIMWA KWA JASHO

Kikwazo kikubwa cha haya yote ni namna timu za mtaani zinavyopima kazi ya kocha kuliko uhaba wa vifaa. Kocha anasifiwa akiwakimbiza vijana hadi watapike. Mazoezi ya saa mbili na nusu yanaitwa makali, ya saa moja na dakika kumi yanaitwa uvivu. Kwa hiyo anajaza muda, na kitu rahisi cha kujazia muda ni foleni.

Gofu nayo ilikuwa na sifa hizo, mtu kujisifia ndoo tano kwa siku. Lakini kule mwisho wa wiki kuna kadi ya alama, inaandikwa na kusainiwa, haibembelezwi. Soka la mitaani halina kadi. Lina stori, na kwenye stori kila mtu anakumbuka shuti lake lililoingia. Ndiyo maana viongozi wa timu, wale wanaochangisha hela za jezi na nauli ya Fuso, wangeanza kuuliza maswali mengine wakija mazoezini. Badala ya "mmekimbia mizunguko mingapi?", waulize "nani anaongoza daftari wiki hii?" Kocha akijua ataulizwa hilo, foleni itakufa yenyewe.

Kuna na jambo la msimu. Mvua zikikolea, udongo mweusi wa Simiyu unanata kwenye viatu na mpira hauendi. Kiangazi uwanja ni mgumu kama sakafu na mpira unadunda ovyo. Kawaida hali zote mbili zinatolewa kama udhuru. Mcheza gofu angeziita mazingira ya kufanyia kazi, kwa sababu hajui mpira wake utaangukia mchanga au nyasi. Timu iliyopiga penalti kwenye matope Machi na kwenye vumbi Agosti haitashangaa ikifika kituo cha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa na kukuta kidoti cha penalti kina shimo.

Bingwa wa Simiyu akienda huko, atakutana na bingwa wa mkoa mwenye basi zuri zaidi, jezi mpya na pengine mchezaji mmoja aliyewahi kukaa benchi la Ligi Kuu. Dakika 90 zikiisha sare kwenye mechi ya kutoana, kocha atatakiwa kuchagua wapigaji watano. Timu nyingi hapo ndipo zinaanza kutazamana, kila mtu anafunga kamba za viatu asionekane. Wa Bariadi afungue begi, atoe daftari, asome majina kuanzia juu.